Ngamia wa Mjomba Wasiingie

Watu thelathini na mmoja walionja, na wote thelathini na mmoja wakasema nzuri.

Nilikuwa nimewaandalia karatasi. Juu yake nilichora nyuso tano, kuanzia uso unaocheka mpaka uso ulionuna, ili hata asiyejua kusoma aweke alama kwenye uso unaofanana na moyo wake. Nilizichora mwenyewe kwa kuzungushia kifuniko cha soda, nikazionea fahari. Kisha, kwa sababu chuoni nilifundishwa kwamba anayejaribu wengine hana budi kulijaribu jaribio lake kwanza, nikatega mtego. Katika vikombe vitatu vya maziwa ya ngamia, kimoja nilikitia chumvi kijiko kizima. Nani angesema maziwa ya chumvi ni mazuri?

Wote. Mzee mmoja wa Kulamawe, aliyekuja mjini kuuza mbuzi, alikinywa kile cha chumvi mpaka tone la mwisho. Macho yakamtoka. Akameza, akamshukuru Mungu, akaweka alama kwenye uso unaocheka kuliko wote, halafu akainua mikono na kutuombea baraka.

Nilimfuata hadi mlangoni. "Mzee, hiyo ya mwisho kweli ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana, mama. Nzuri sana." Halafu akaniomba maji, akanywa vikombe viwili bila kupumua.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilirudi ndani nikazitupa karatasi zote mezani, nyuso thelathini na moja zikanichekea. Mwenyekiti wa kikundi chetu alikuwa amekaa pale pale pembeni, ushungi umemteleza kwa kicheko, anajifuta machozi.

"Wewe umezaliwa hapa hapa Isiolo," akaniambia, "na hujui? Maziwa haitukanwi."

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi ni Mturkana wa mjini, na hata kwetu, ningekunja uso mbele ya kikombe cha maziwa ya mgeni, mamangu angenikunja mimi. Kwa Waborana na Wasomali ni hivyo hivyo, tena zaidi. Ukipewa maziwa unashukuru. Yakiwa yameganda unashukuru, yakiwa na unywele unautoa kimya kimya, na unashukuru. Miaka mitatu ya masomo ya vyakula ilikuwa imenisahaulisha jambo ambalo mtoto yeyote wa hapa analijua kabla ya kuota meno.

Kikundi chetu ni cha akina mama wanaouza maziwa ya ngamia. Yanakuja asubuhi kwa pikipiki na magari kutoka maboma ya mbali, na kwa miaka yote tuliyauza hivyo hivyo, mabichi, kwenye mitungi kando ya barabara. Jua la Isiolo halina huruma. Yasiyonunuliwa kabla ya adhuhuri yalichacha, na yaliyochacha tulikunywa wenyewe mpaka tukachoka. Ndipo mwenyekiti akaja na wazo: badala ya kuyaogopa yakichacha, tuyachachishe sisi kwa makusudi, tutengeneze susa, yaani mtindi wa ngamia, wenye ule moshi wa kibuyu ambao kila mtu wa huku ameuonja akiwa mgongoni mwa mamake. Tuutie kwenye chupa. Mwenye duka mmoja Nairobi alikubali kuupokea, kwa sharti moja tu: kila chupa ifanane na dada yake.

Kabla ya kuagiza chupa na lebo na pipa kubwa la kuchachishia, tulijipa mwezi mmoja wa majaribio. Kazi yangu ilikuwa kuyapanga. Na swali kubwa lilikuwa moja: huo moshi utoke wapi?

Ungeweza kutoka kwa Akko. Akko ni bibi kwa Kiborana, na ndivyo sote tulivyomwita, hata mwenyekiti ambaye hawakupishana sana kwa umri. Alikuwa mwembamba, mrefu, na mikono yenye ngozi ngumu kama kwato. Kila alfajiri alitoka kwa binti yake huko Chechelesi akaja kwenye kibanda cha nyuma, akawasha vijiti vya ejersa, ule mzeituni wa mwitu unaoletwa kutoka milima ya Marsabit. Kijiti kikishika moto vizuri, alikitumbukiza ndani ya mkebe mkavu, kibuyu chetu cha siku hizi, akafunika, akautikisa, akautuliza tumboni mwake kama mtoto anayebembelezwa, huku anaguna kitu kwa sauti ya chini. Halafu alifunua, akakimwaga kijiti, akaufuta mkebe, akasema, "Tia." Tukatia maziwa.

Au ungeweza kutoka kwenye kichupa. Ndiyo, siku hizi kuna moshi wa kichupa. Uliletwa kutoka Nairobi, wa rangi ya chai ya rangi, unadondosha matone machache ndani ya pipa na kazi imekwisha. Nilipoufungua mara ya kwanza, kibanda kizima kilinukia nyama choma. Akko alinusa kifuniko, akanirudishia. "Hii imechoma nini?" akauliza.

Nitasema ukweli: mwanzoni nilikuwa upande wa kichupa. Kichupa kina maelezo, kina kipimo, hakichelewi. Lakini siku moja, nikiwa napima joto la maziwa, Akko alikaa karibu nami akaniambia kitu ambacho sijakisahau.

"Intala," akasema. Hilo ni binti kwa Kiborana, na aliniita hivyo hata nikimkera. "Ile kichupa ikishinda, mimi naenda nyumbani?"

"Sijui, Akko. Ndiyo tunajaribu."

"Nyumba ya binti yangu iko mzuri. Wananipa chai, wananipa nyama laini. Lakini pale mimi ni kama kiti." Akainuka, akajipangusa majivu. "Hapa mimi ni mtu."

Tangu siku hiyo moyo wangu ulihama. Lakini nilimwapia mwenyekiti kwamba mkono wangu hautahama, na hesabu nitakayoileta itakuwa ya haki.

Kwa hiyo nilirudi kwenye karatasi zangu za nyuso, nikazichoma kwenye jiko la chai. Nilihitaji namna ya kumfanya mtu wa Isiolo aseme ukweli juu ya maziwa bila kufungua mdomo.

Jibu nililipata stendi, pale pikapu za kwenda Merti zinapopakia. Mama mmoja alikuwa ananunua nyanya za kumtumia mamake. Alizichagua moja moja, anazibonyeza, anazinusa, anazigeuza kama anatafuta kosa. Muuzaji akachoka. "Mama, si zote ni nyanya tu?" Naye akamjibu bila kuinua macho, "Hizi si zangu. Ni za mama." Akaikataa moja iliyokuwa na kidonda kidogo kama tundu la sindano, na akaila mwenyewe pale pale.

Nilisimama katikati ya stendi nikicheka peke yangu. Mtu anaweza kukudanganya juu ya kile anachokula yeye. Juu ya kile anachomtumia mamake, hawezi.

Jumatatu iliyofuata niliwaita watu ishirini: washonaji, mwalimu, waendesha pikipiki, wauza mitumba, wote waliosema wana mama Merti au Kulamawe. Nikaweka mezani chupa za aina mbili. Zenye uzi wa kijani shingoni zilikuwa na moshi wa Akko, zenye uzi mwekundu moshi wa kichupa, na siri hiyo tuliijua mimi na mwenyekiti tu. Nikawaambia waonje zote mbili, kisha wachague moja wamtumie mama, na nauli ya pikapu ni juu ya kikundi. Sikuuliza ipi nzuri. Hakuna aliyetukana maziwa. Walionja, wakasifu zote mbili kwa Mungu, halafu mikono yao ikaenda yenyewe. Kumi na sita walichukua kijani.

Nikakimbia nyuma ya kibanda nikaruka ruka peke yangu kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kisha nikanyoosha kitenge, nikarudi na uso wa mtu wa haki.

Chupa za Merti ziliondoka mchana huo kwenye pikapu, pamoja na magunia ya sukari, mbuzi watatu na watu wasiopungua kumi na wawili. Ili nipime pia namna zinavyostahimili njia, niliongeza katoni nzima ya kila aina. Yaliyotokea njiani niliyasikia kwa konda wa gari hilo, ambaye ameyasimulia mara nyingi sana tangu hapo, na kila mara magunia yanaongezeka.

Jua lilikuwa kali, barabara ya mawe. Walipopita bonde moja kavu, ghafla: pa! Kimya. Pa! Pa! Kwenye barabara zetu mtu akisikia pa hangoji kuuliza. Abiria wote wakalala chini. Mbuzi mmoja akaruka nje na kutoka mbio. Jamaa mmoja, aliyekuwa ametoka tu kusimulia jinsi alivyowahi kumfukuza simba kwa fimbo, alipatikana baadaye amejisokota chini ya gunia la sukari akisali kwa lugha tatu. Dereva alikanyaga mafuta kilomita nzima. Ndipo kitu cheupe kikaanza kumdondokea konda kichwani, akakipangusa, akakinusa, akapiga paa la gari kwa ngumi.

"Dere, simama! Risasi gani hii inanuka mtindi?"

Zilikuwa zile za uzi mwekundu. Susa ya kichupa ilikuwa imeendelea kuchacha kwa joto, ikajaa hewa, ikarusha vifuniko. Za Akko zilifika Merti zimetulia kama wageni wenye adabu, kwa kuwa moshi wa kweli hauleti ladha tu, huyazuia maziwa yasipate wazimu. Bibi zetu walilijua hilo, ila hawakuliandika popote. Mbuzi alipatikana. Na konda akaniambia kwa simu, huku abiria nyuma yake wanacheka mpaka wanakohoa, kwamba hajawahi kubeba mzigo uliomsafishia gari dhambi kama huo.

Nilijua nimeshinda. Mtu akianza kujua hivyo, ndipo anapojikwaa.

Alhamisi nilirudia jaribio. Watu ni wale wale ishirini, meza ni ile ile, nyuzi ni zile zile. Kijani ilichukuliwa na wanne tu. Nikahesabu tena, maana macho yangu hayakukubali. Wanne.

Nilimshika mshonaji mmoja, mzee mpole niliyemwamini, nikamvuta pembeni. "Baba, Jumatatu ulichukua kijani. Leo umechukua nyekundu. Kwa nini?"

Akatazama huku na huku kama anayetoa siri ya ndoa. "Zote ni nzuri, mama. Ila ile kijani ya leo..." Akatafuta neno lisilomkosea Mungu. "Ile ya leo ni maziwa ya mtu mwenye nguvu. Mamangu amezeeka."

Nikaionja mwenyewe. Ilikuwa kama kulamba paa la nyumba ya moshi.

Mwenyekiti hakupiga kelele. Angepiga ningejisikia afadhali. Alikaa chini na kalamu yake. "Tumepewa sharti moja," akasema. "Kila chupa ifanane na dada yake. Hiyo ya kichupa inalipuka, sawa, tutaiwekea barafu. Akko tutamwekea nini?"

"Nipe wiki moja."

"Nakupa mpaka Ijumaa ijayo. Halafu naagiza pipa, na nitaandika njia moja tu."

Siku zilizofuata nilimganda Akko kama kupe. Nilipima uzito wa vijiti kabla ya moto na baada ya moto. Nilipima mikebe. Nilipima hata makaa. Kila kitu kilikuwa sawa na jana, na yeye alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu anayehesabu nywele za ng'ombe. Mwishowe nikafungua saa ya simu. Siku hiyo dakika nne na nusu. Kesho yake dakika nne na nusu. Kesho kutwa dakika nne na nusu, haipungui haizidi. Nikashangaa. Hana saa, hajawahi kuvaa saa, basi anapimaje? Na siku alipofukiza ile ya Alhamisi, ilimpata nini?

"Akko, unajuaje kama imetosha?"

"Ikifika mwisho."

"Mwisho ya nini?"

Akanishangaa. "Ya ngamia."

"Ngamia gani?"

"Ya baba yangu."

Ndipo nikaelewa kile alichokuwa anaguna siku zote hizo. Sikuwa nimewahi kumuuliza. Nilidhani ni dua. Alikuwa anawataja ngamia wa babake, mmoja baada ya mwingine, wote kumi na mmoja, kila mmoja na sifa zake: mweupe aliyezaliwa siku ya mvua, mwenye sikio lililopasuka, yule anayelia kabla ya kukamuliwa, yule wa meno marefu aliyekula kofia ya mkoloni. Alifundishwa na mamake akiwa msichana: kijiti kikiingia ndani ya kibuyu, anza na mweupe, ukimtaja wa mwisho, fungua.

"Na ile susa ya Alhamisi? Siku ulipoifukiza ulitaja nani?"

Akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikamwona Akko anaona haya. "Siku ile binti yangu alikuwa amejifungua. Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu." Akafunika mdomo kwa ushungi. "Nilikuwa na furaha. Furaha kubwa hivyo, ngamia ya baba peke yake haitoshi. Nikaongeza ya mjomba."

"Mjomba alikuwa na ngapi?"

"Saba."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikakaa chini kwenye majivu na kitenge changu kizuri, na Akko naye akaanza kucheka, na kila tulipojaribu kunyamaza mmoja wetu alisema "ya mjomba" tukaanza upya. Ladha yote iliyoharibika, pesa za nauli, usingizi nilioukosa, ni ngamia saba wa mjomba walioingia ndani ya mkebe bila kualikwa.

Nikaenda mbio kwa mwenyekiti kumweleza. Naye alicheka, alicheka sana. Kisha akachomoa simu yake kutoka kwenye mkoba, akaiweka mezani.

"Kwa hivyo ni dakika nne na nusu," akasema.

"Ndiyo."

"Basi. Mtu yeyote anaweza kufanya. Simu ikilia, fungua."

Nilikuwa nimetafuta siri ya Akko ili nimwokoe, na kumbe nimeichukua nikampelekea mtu mwingine kwenye sahani. Mwenyekiti hakuwa na ubaya. Alisema kweli tupu. Ukishajua kipimo, hulazimiki kuwa na mwenye kipimo. Siku hiyo nilipitia mlango wa mbele nisionane na Akko, na nilijichukia.

Ijumaa ikafika, na jaribio la mwisho nililipanga kwa haki, kama nilivyoapa. Mikebe mitatu ingefukizwa na mama mmoja wa kikundi, hodari, kijana, mwenye simu iliyowekwa dakika nne na nusu. Mitatu ingefukizwa na Akko, ambaye nilimwomba jambo moja tu: ngamia wa baba peke yao. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, mvua ya kwanza baada ya miezi, mji mzima unanukia udongo na watu wanasalimiana kwa sauti ya juu. Hata vijiti vya ejersa ndani ya kibanda vilikuwa vimenywa unyevu.

Wakaanza pamoja. Simu ikahesabu, Akko akaguna. Mimi nilisimama katikati na daftari. Akko alifika kwa ngamia wa sita, akanyamaza.

Nikadhani amesahau. "Akko, mbona umesimama?"

"Huyu haendi."

"Nani haendi?"

"Huyu wa sita. Mkaidi. Huyu mpaka akubali mwenyewe." Akageuza mkono, akaweka mgongo wa kiganja kwenye tumbo la mkebe, akangoja. Simu ya upande wa pili ikalia, tiririri, yule mama akafunua mkebe wake, kijiti kikatoka kimefuka kidogo tu, cheusi, kimezimika. Akko bado anangoja. Akautikisa mkebe, akaugusa tena. Moshi mnene mweupe ukaanza kupenya chini ya kifuniko. "Haya, ameenda," akasema, akaendelea na wa saba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku za ukavu, mkebe hupata joto upesi, na mkaidi hupita bila mtu kumwona. Siku za unyevu hukataa. Ndani ya orodha ile ya ngamia, mtu fulani wa zamani, mama wa mama wa mtu, alikuwa ameweka mahali pa kusimama na kuangalia. Simu yenye akili haikuwa na mkaidi.

Mtindi ulipokuwa tayari niliwaita wale ishirini. Kumi na tisa walichukua za Akko. Wa ishirini alikiri kwamba mama yake alishafariki zamani, na kama hatujali, atazichukua zote mbili mwenyewe.

Niliweka karatasi mbele ya mwenyekiti. Aliisoma, akaniangalia, akaisoma tena. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya kibanda, akamkuta Akko anafagia majivu.

"Akko, tukianza kazi kubwa, ni mikebe sita kwa mara moja. Mikono yako ni miwili."

"Hiyo ni kweli," Akko akasema, na nikaona ufagio umesimama.

"Basi utatufundisha hao ngamia. Wote sita tujue. Na wewe utakaa hapo usikize, mtu akikosea umchape."

Akko alifagia pale pale palipokuwa pameshafagiwa, muda mrefu.

Tulijifunza wiki mbili, kila asubuhi, mwenyekiti akiwemo: Wasomali wawili, Waborana wawili, Mmeru mmoja na mimi Mturkana. Mmeru ndiye aliyetushinda wote, na katika maisha yake hajawahi kufuga hata kuku. Mimi nilimruka mara kwa mara yule wa sikio lililopasuka, na Akko akanigonga bega na kijiti: "Umemwacha malishoni, intala. Mrudie." Siku moja nikamuuliza ngamia hao waliishia wapi. Akasema ukame ulichukua wote, mwaka ule ule uliomchukua babake, mmoja baada ya mwingine, na mkaidi alikuwa wa mwisho. Alikataa wiki nzima. Akko alisema hivyo bila kulia, kama anayetuambia mkebe uko wapi. Mmeru wetu ndiye aliyelia. Halafu Akko akasema, "Haya, kutoka kwa mweupe," tukaanza tena.

Ukutani nikabandika karatasi ya utaratibu, iliyopigwa chapa na kuwekwa plastiki, kwa sababu mambo ya uzalishaji lazima yaandikwe. Hatua ya nne inasema: Ngamia wa baba, kumi na mmoja, bila kuruka. Mkaidi asubiriwe. Ngamia wa mjomba wasiingie.

Siku ya kwanza ya kazi kamili, pipa jipya linang'aa, chupa zimepangwa mpaka mlangoni, tulisimama sita kwenye mstari, kila mmoja na mkebe wake tumboni. Akko alikaa kwenye kiti chake, mjukuu mgongoni. Tukaanza na mweupe aliyezaliwa siku ya mvua. Sauti sita, lafudhi nne, tunataja ngamia ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewaona. Tulipofika kwa mkaidi tukanyamaza sote pamoja, tukangoja, mikono kwenye mikebe. Nilimtazama Akko. Alikuwa amefumba macho, na midomo yake inatabasamu kama mtu anayesikia kengele za kundi linalorudi nyumbani.

Tukamaliza kumi na moja, tukafunua. Ndipo sote tukasikia sauti ya saba. Akko alikuwa amechukua mkebe wa akiba bila sisi kumwona, na hakuwa amesimama. Alikuwa ameshafika mbali, anaendelea, anainua sauti.

"Akko!" mwenyekiti akapiga kelele, akionyesha ukuta. "Ya mjomba isiingie!"

"Leo ni lazima," Akko akasema, akamaliza wote saba.

Mkebe ule haukwenda kwenye pipa. Tulitia maziwa yake kando, na yalipochacha tulikaa chini kibandani tukagawana, mabakuli saba, na konda wa pikapu aliyekuja kuchukua mzigo akapewa la nane. Yalikuwa na moshi wa kutoa machozi. Konda alikohoa, akamshukuru Mungu. Akko akanigeukia mimi, mpangaji wa majaribio, mwenye cheti na nyuso tano, akauliza kama ni sawa.

Nikalinywa bakuli mpaka tone la mwisho, macho yananitoka.

"Nzuri, Akko," nikasema. "Nzuri sana."